Injini Mbili

Husemwa pafukapo moshi pana moto.
Waliosema hawakuliona lori langu:
hapa pafukapo moshi
pana barafu.

Lina injini mbili. Ya chini huvuta mzigo.
Ya juu, pale kwenye kipaji cha sanduku,
haiendi popote. Kazi yake ni kuilinda baridi,
hata lori likiegeshwa Miritini na taa kufumbwa;
ile ndogo hukoroma peke yake
na changu na tasi wa watu
hulala macho wazi.

Nililinunua mwaka aliozaliwa Mwachiti, kitinda mimba wangu.
Ubavuni lina maandishi ya Kijapani
ambayo Jomvu nzima hakuna aliyeyasoma.
Sudi fundi hushikilia kuwa ni jina la maziwa.
Mimi nilijiambia ni dua.

Kisha karatasi ikabandikwa lango la Liwatoni:
kuanzia mwezi wa saba
kila gari la baridi lililopita miaka kumi na mitano
lipimwe moshi, injini zote mbili.
Zote mbili. Nilirudia kusoma mara tatu.
Ya chini tumezoea.
Ya juu, nani aliwahi kuikumbuka?

Mpimaji alikuwa msichana, Mshai,
buti kubwa kuliko miguu yake.
Akapanda ngazi, akatia mrija,
akanigeuzia ile nambari
kama nesi amwoneshavyo mama homa ya mwana.
"Mama, ya chini imepita. Ya juu imeanguka."

Injini mpya ya juu ni laki tisa.
Lori lote, ukiliuza kwa kilo za chuma,
halifiki hapo hata ukipimia na dereva ndani.
Kuna ya umeme, akasema, ya kuchomeka.
Nichomeke wapi?
Stima ya kwetu huja kama mgeni wa harusi:
amechelewa, na haondoki bila kuvunja kitu.

Mwakio amepaka lake rangi ya samawati.
Moshi hauoni rangi.
Kitsao ameliuza lake mpakani, ambako kipimo hakijafika;
moshi wake haukufa,
umehama tu, kama mpangaji aliyeshindwa kodi.

Nilimnunia Mshai siku tatu, naye hajui.
Usiku wa nne sikuwa na mzigo,
nikaizima ya juu.

Kimya kikashuka uani.
Na ndani ya kimya, nyuma ya ukuta, kwa kina Tabu,
nikasikia mtoto yuwakohoa.
Kikohozi kikavu, cha kurudiarudia,
kama injini inayokataa kuwaka alfajiri.
Nikauliza kesho yake. "Ah, huyo," mamake akasema,
"mbona ni zamani."

Ni zamani.
Na mimi miaka yote nimemfunika kwa muungurumo
nikidhani nalinda samaki.

La kuvunda halina ubani, hilo nalijua,
nimelijua kwa pua tangu usichana.
Sikujua hewa nayo huvunda.

Lakini hewa hailipi karo.
Naliandika hili bila haya:
asubuhi hiyo hiyo nilihesabu laki tisa kwa vidole
na vidole vikaniishia.

Sasa nanunua barafu ya mapande Shimanzi,
naipanga chini kwa maranda ya mbao,
nafika Kongowea tu. Voi nimeiachia wenye magari mapya.
Maji yanachuruzika njia nzima,
paka wa Makupa wameshanijua.

Siku Sudi alipoifungua ile ya juu, akaishusha kwa kamba
kama anayemteremsha maiti ghorofani,
chini yake palikuwa na mraba mweupe, rangi ya kiwandani,
na katikati herufi moja ya Kijapani
iliyokaa gizani miaka yote.

Tukaitazama.
"Pengine," Sudi akasema, "ndiyo mwisho wa dua yako."

Nikamwambia ashuke.
Jua limepanda, na barafu haingoji.