Hundi ya Boksi

Baba alirudi na mlango begani.
Ndivyo tulivyodhani, mimi na Mlekwa,
tulipomwona akikata kona ya Isevya,
bodaboda inayumba, upepo unamnyang'anya.
Kumbe hundi. Hundi ya boksi gumu,
ndefu kunishinda,
herufi za bluu zimenenepa kama wageni wa harusi:
MILIONI MOJA NA LAKI MBILI.
Bingwa wa puli, Urambo,
msimu wa malipo ya tumbaku.

Hakuna benki inayopokea mlango.
Mama akaiegemeza ukutani, akaigeuza,
nyuma nyeupe pee.
"Kalunde, chukua chaki ya baba yako. Andika."

Nilikuwa darasa la nne. Kutoa kwa kukopa
nilikuwa nimeanza kukuelewa.

Milioni moja na laki mbili.
Toa laki nne: mdhamini kasema mwisho wa mwezi,
mwezi wenyewe hakuutaja jina.
Laki nane.
Toa nusu: Bwana Magulyati alilipa kiingilio,
walipeana mikono kabla mipira haijatawanywa.
Laki nne.
Toa laki na thelathini, duka la Mama Nyanzobe,
unga, mafuta, sabuni, unga.
Toa elfu sitini za kikoba.
Toa tisini, chumba, miezi mitatu.
Laki na ishirini, nikasema,
na mkono ulikuwa umegeuka bluu.

"Toa arobaini na tano," baba akasema, akitazama miguu yake.
Za nini?
"Waliopiga makofi."
Mama akakaa kimya
muda wa mpira kuzunguka meza nzima
ukatafuta shimo na usilione.
"Andika."

"Toa ishirini."
Hizo?
"Yule kijana wa Sikonge niliyemfunga fainali.
Hakuwa na nauli.
Mweusi wake ulisimama mdomoni mwa shimo, mama Kalunde,
mdomoni kabisa,
ungepuliza ungeingia.
Ningekuwa mimi."

Hapo Mama hakusema andika.
Niliandika mwenyewe.

Toa kumi na nane, viatu vyangu vya shule.
Toa ishirini, ncha mpya ya fimbo, hadi itoke Dar.
Fimbo wanaiita kiu,
na jina halikukosea nyumba.

Elfu kumi na saba.

Nilipiga mstari miwili chini yake
kama mwalimu alivyotufundisha, jibu lisitoroke.
Baba akalisoma kwa sauti, taratibu,
mara ya pili akacheka.
Kesho yake akaenda kuzivunja kwa muuza mkaa
zikawa sarafu za mia mbili tupu,
maana meza haijui noti, na haijui bingwa:
unaitumbukiza, unasukuma, mipira inashuka
kwa ile ngurumo ya treni ikiingia stesheni,
na kila ngurumo ni ya Athumani Kapela, mwenye meza,
asiyejua hata kushika fimbo,
aliyejenga nyumba ya tofali za kuchoma
kwa mazoezi ya baba yangu.

Hundi Mama aliigongomelea darini, juu ya kitanda chetu,
upande wa maneno ukitazama chini.
Masika yaliingia na sifuri ya mwisho,
ikavimba, ikachuruzika hadi kwenye shuka.
Tukawa tunalala chini ya laki na elfu ishirini,
ambazo nazo hatukuwa nazo.

Lakini hiyo ni baadaye. Jioni ile ya sarafu
baba alizimwaga mkekani, akaniambia nihesabu,
kila moja mchezo mmoja,
kila mchezo hatua moja kuelekea Nzega,
mashindano ya Agosti.
Zilitakiwa themanini na tano.
Nikazipanga kumi kumi, kama askari.
Nikarudia.
Themanini na nne.

Mlangoni, Mlekwa ametupa mgongo,
anatafuna andazi.