Nusu ya Mpopoo

Mjomba Shemphang aliupanda mtini huu jabalini,
ukingoni mwa mto Umtyrsa,
mwaka ambao mimi sikuwa nimeota meno.
Hakutaka kivuli, hakutaka tunda.
Alitaka mizizi,
hii inayoning'inia hewani
kama nyuzi za fundi aliyeitwa mlangoni
akasahau kurudi.

Sisi Wakhasi wa bondeni hatujengi daraja.
Tunalilea.
Unapasua shina la mpopoo, unalikomba moyo,
unalilaza juu ya maji,
unatia ndani yake ncha ya mzizi,
laini kama kidole cha mtoto mchanga,
unauambia: pita hapa.
Nao unapita, lakini kwa mwendo wake,
shibiri moja kwa majira, pengine mbili,
mvua ikiwa karimu. Na hapa kwetu
mvua haijui kipimo; hata misalaba ya makaburini
huota kuvu la kijani.
Mpopoo huoza kabla mzizi haujafika.
Unakata mwingine.

Mjomba alikufa daraja halijagusa nusu ya mto.
Mchungaji alihubiri juu ya nyumba isiyojengwa kwa mikono.
Mimi nilikuwa nawaza
nani atakaza kamba Jumamosi.

Ng'ambo anakaa Daplin.
Yeye husali na Wakatoliki, mimi na Wapresbiteri,
ila si hilo lililotutenga.
Ni mpopoo mmoja tu, upande huu wa mto,
mpakani mwa shamba la mama yake na la mama yangu.
Miaka tisa hatukuamkiana.
Miaka tisa niliimba juu ya uzuri wa ndugu kukaa pamoja,
na dirishani mwa kanisa nauona mti ule,
nahesabu vichala vyake.

Dhoruba ya mwezi wa sita ikauangusha.
Nilifurahi, Bwana.
Wewe unajua nilivyofurahi.

Siku ya tatu akaja mwanawe, Ibansara,
kwa njia ndefu ya daraja la waya huko juu,
ngao ya mianzi na majani mgongoni
kama kobe aliyejifunza kutembea wima.
Kichwani, nusu ya shina.
Limepasuliwa sawasawa, limekombwa hadi likawa safi
kama bakuli la mgeni.

"Mama anasema lako limeoza."

Lilikuwa limeoza kweli.
Aliliona vipi, toka kule, katika ukungu ule?

"Na nusu ya pili?"

"Ameilaza kwetu. Na sisi tuna mtini."

Nikampa tambuu ampelekee mamaye,
sikupata neno la kufungia pamoja nalo.

Usiku sikusali vizuri.
Nilikuwa nimezoea kukuita mwamba, ngome, ukuta,
vitu vya kusimama peke yake.
Sasa nikasikia mvua juu ya bati
nikafikiri: labda Wewe pia hujengi.
Labda unalea.
Unamchukua mtu, anapasuka, anakombwa moyo,
unamlaza juu ya maji yanayonitisha,
unaniambia: pita hapa.
Naye anaoza chini yangu taratibu
wakati mimi nadhani nakua kwa nguvu zangu.
Mjomba. Mama. Mwalimu Tngen na fimbo yake ya kuonyeshea herufi.
Na wa kwanza wao wote, mbaoni,
ambaye jina lake nalitaja kila siku bila kutetemeka.

Leo mizizi yake na yangu imebakiza pima mbili kukutana.
Nilimpigia Daplin kelele toka ukingoni;
maji yakala sauti.
Akainua mkono, au alikuwa anafukuza nzi.

Ibansara ana miaka saba. Nimempima kwa macho.
Yeye atavuka.
Sisi wawili sijui;
msamaha wetu nao una mwendo wake.
Kesho kuna kamba za kubadilisha.