Mnara wa Baruti, Visby

Ufunguo ni mzito kama mkono wa mtoto aliyelala.
Gunvor anaupiga mlango teke, kisha anauomba radhi
kwa Kiswidi, kana kwamba ni ng'ombe mzee.

Baridi ya humu ni ya urithi.
Nilihesabu ngazi, nikapotea kwenye arobaini
pale ukuta uliponigusa bega.

"Babu yangu alifungiwa hapa," anasema,
"alasiri moja. Aliiba samaki."
Samaki gani?
"Heringi. Wawili. Mmoja alikuwa ameoza."

Nami nilikuja na vita kichwani:
pinde, mafuta ya moto, farasi wa wafalme.
Tundu la mishale ni jembamba, halipitishi ngumi,
ila bandari nzima imepenya humo:
feri, mvua, mtu anayegombana na mwavuli.

Mahali aliposimama mlinzi
kunguru wadogo wamejenga.
Wao ndio wanaotuuliza: nani huyo?

Tunashuka. Anafunga, anavuta mara mbili.
Waridi moja la Novemba limeng'ang'ania chokaa.

"Na yule heringi mzima?"

"Hawakumkuta naye," anasema Gunvor, akitia ufunguo mfukoni.
"Alikwisha kumpelekea bibi."