Inchi Tano za Chuma

Egilsstaðir, Januari, saa nne asubuhi na bado giza

Funga mlango, Kolbeinn, joto la gereji hii nalilipia mimi.
Yashushe pale, karibu na kompresa. Taratibu.
Haya, nimeyaona:
thelathini na nane kwa kimo, kumi na tano na nusu kwa upana,
bado yana vinyweleo vya kiwandani.
Matairi mazuri. Aliyekuuzia simlaumu.
Sasa nionyeshe rimu.

Ah.
Hizi nazijua. Kovu hili la spana ni langu.
Baba yako alizipata kwa kondoo sita na deni,
akazipaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye paa la zizi.

Lete futi. Hapana, si hapo.
Kila mtu hupima nje kwa nje, kisha hushangaa.
Pima ndani, pale mdomo wa tairi unapolala,
kama unavyopimia godoro, si mbao za kitanda.
Soma.
Nane.
Soma tena, kwa sauti, ujisikie.

Yataingia, ndiyo. Sijasema hayaingii.
Hata mimi naingia kwenye gauni langu la kipaimara nikibana pumzi;
niulize kama naweza kuinama.
Tairi pana kwenye rimu nyembamba hufura mgongo,
katikati kunalika, mabegani meno yanabaki mapya, hayana kazi.
Hilo ni la barabarani, hilo ni hasara ya pesa tu.
Ila kule juu kwenye barafu
utatoa upepo mpaka paundi tatu
ili gari litambae juu ya theluji badala ya kujichimbia,
na hapo mashavu yatajikunja, mdomo utaachia,
pff.

Hiyo pff naijua.
Vatnajökull, mimi na Oddgeir, gari moja, kiburi cha watu wawili.
Tulipuliza gesi ya kibiriti ndani ya tairi, tukawasha:
bumu, likakaa.
Mita mia. Pff.
Bumu. Pff.
Mara ya tatu gesi ikaisha, upepo haukuisha.
Oddgeir ana vidole tisa vya miguu.
Kwenye bwawa la maji moto watoto humhesabia.

Wala usikimbilie upande wa pili.
Ljótur alitaka sifa, akafunga rimu ya kumi na sita:
mashavu yakavutika kama ngozi ya ngoma,
na jiwe la kwanza la mto Kreppa
likala chuma, mpira likauruka.
Yako yanataka kumi na tatu. Kumi na mbili na nusu, kama una ubahili.

Mbona kimya?
Hajafa, Kolbeinn. Yuko Tenerife, pua inambambuka kwa jua,
na sidhani kama anakumbuka hata rangi yake.
Lakini sawa.
Nimeona ulivyozibeba, moja moja, kifuani.

Basi sikiliza. Nitaikata rimu kwa mduara,
kama mkate, nitenge kingo mbili,
kati yake nichomelee mkanda wa inchi tano.
Nyongeza yote iende nje, la sivyo tairi litasugua springi.
Beringi zitanung'unika. Zipe grisi, zinyamaze.
Madigadi utayakata wewe; mimi sikati gari la mtu.
Kisha maji ya sabuni kwenye kila mshono,
tuzungushe polepole tukitafuta povu,
na nikiona hata tone moja linapumua
narudia yote, na bei haipungui.

Akikuuliza kwa simu, mwambie zimenenepa.
Ukingo huu wake, na ule wake,
katikati chuma ambacho hajawahi kukigusa.
Usikipake rangi mpaka majira ya kuchipua. Nataka nikione kitakapopata kutu.

Tazama dirishani, jua limefika.
Saa tisa litaondoka.
Vaa miwani. Shika hapa.