Ukurasa wa Sitini na Moja

Szeged, Januari, sakafu ya jikoni.
Nimesukuma meza ukutani, nikatandaza karatasi ya kufungia nyama
niliyoiomba kwa mwenye bucha,
na juu yake, Vendel, naichora hadithi yako.

Kila ukurasa nukta. Kila uamuzi mshale.
*Ukifungua mlango wa chuma, nenda 40.*
*Ukirudi mtoni, nenda 17.*
Madaftari manne, kurasa mia moja na kumi na mbili,
mwandiko wako wa miaka kumi na mitatu
ulioinama kama mtu anayekwenda kinyume cha upepo.

Njia mbili zilimshinda fisi;
wewe ulimpa msomaji tatu, mara nyingine tano,
na zote, naona sasa, hukutana tena kwenye daraja la Tisza,
ukurasa wa 33: mishale tisa yaingia,
mmoja watoka.
Ulitudanganya, mdogo wangu. Tulidhani tunachagua.

Nahesabu. Vifo kumi na vinne: nukta zisizotoa mshale.
Duara moja: 8, 52, 29, kisha 8 tena,
mgonjwa apandaye na kushuka ngazi zilezile za hospitali,
hatoki mpaka arushe dadu apate sita.
Hapo niliinuka, nikachemsha chai, sikuinywa.

Kisha 61.
Hakuna mshale unaoingia. Nimepekua mara tatu.
Ukurasa mzima, wino wa kijani:
mvulana anarudi kwao, theluji imeyeyuka,
dada yake amemwachia supu ya samaki jikoni,
bado ya moto.

Husemwa penye nia pana njia.
Nia hii hapa, ya kijani. Njia hakuna.

Ningeweza kuchora mmoja tu. Kutoka 29, tuseme,
pale ngazi zinapopinda na dirisha liko wazi.
Hisabati haikatazi: unaongeza mshale, unahesabu upya.
Nimeshika penseli hadi mwanga umekwisha dirishani.

Lilla, binti yangu, anauliza sakafu itarudi lini.
Namwambia bado.
Anavua soksi, anaruka nukta hadi nukta,
hafuati mshale hata mmoja,
anatua sitini na moja kwa miguu yote miwili.

"Hapa wanakula nini?"

Supu, namwambia. Vua na koti.