Mbweha Hakuitwa

Hatukumwita.
Yelkan alitupa mfupa wa guanako nyuma ya moto
kama mtu atupavyo neno asilotaka lisikike,
na gizani kitu kikauokota.

Ndivyo ilivyoanza, hakuna la ajabu.
Theluji ilikuwa imeshuka milimani hadi mtoni,
maji ya kando yamefanya utando
kama mchuzi wa mafuta uliopoa.
Usiku wa pili alisogea mpaka penye kivuli cha mawe:
masikio makubwa, miguu myeusi hadi magotini,
kana kwamba amekanyaga majivu yetu ya jana.

Wale watakaolima siku moja watasema
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi hatukuwa na jembe.
Siku ya tatu Yelkan alimpa wengu.
Mama mkwe wangu, Sowen, akasonya:
"Wengu wa mnyama niliyembeba mgongoni tangu asubuhi!"
Mbweha akala, akalamba jiwe,
akamtazama Sowen
kama anayengoja mtu amalize kuhesabu.

Alitupenda? Watoto huniuliza.
Mimi najua alikula tulichokula.
Mwaka wa guanako alinenepa nasi.
Mwaka wa mizizi na panya alikonda nasi,
mbavu zake zikahesabika
sawa na za mwanangu Tamel.
Kutuwindia, hakutuwindia. Mara moja tu
alileta panya buku, akamlaza
karibu na kichwa cha Yelkan aliyekuwa usingizini.
Tulicheka hadi Sowen akapaliwa.
Labda lilikuwa deni.
Labda alimsahau tu pale.

Kisha ukaja upepo.
Siku kumi na moja ulitembea juu ya nyika bila kuketi.
Mbuni walitokomea. Mawe yetu ya kurusha
yalilala ndani ya kamba zake kama mayai yasiyoatamiwa.
Shemeji yangu Kaur, mwenye kisu cha jiwe jeusi,
akasema, "Ngozi yake inatosha kofia ya mtoto.
Nyama yake, konzi moja kila mtu."
Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama mtu asemaye mvua inakuja.

Hakuna aliyejibu.
Kisu kilikuwa juu ya goti lake.
Mbweha alikuwa palepale, mkia juu ya pua,
anajua, au hajui.

Yelkan akavua joho lake la ngozi,
akalikata kipande cha begani, kipana kama viganja viwili,
akakichoma manyoya, akakichemsha
mpaka kikawa laini kiasi cha kudanganya meno.
Akagawa. Kaur akapata kikubwa kuliko wote.
Alitafuna kimya, muda mrefu,
kisha akarudisha kisu alani.

Sisemi ule upenyo wa begani ndio uliomuua Yelkan.
Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni.
Lakini majira yale hayakuisha naye.
Tulimzika juu ya mto, amejikunja ubavu,
na joho lake lile lile, maana hatukuwa na jingine.

Nilidhani mbweha angelala juu ya kaburi.
Hakulala. Usiku uleule
alihamia upande wa Kaur,
Kaur yule yule,
akajikunja nyuma ya magoti yake.
Miaka miwili Kaur alimlalamikia viroboto,
na miaka miwili hakugeuka usingizini
bila kwanza kupapasa nyuma kwa mkono.

Alipokufa, uzee tu, mdomo mweupe wote,
Kaur alimbeba peke yake.
Nilimfuata. Nilimkuta anafukua
kaburi la kaka yake kwa mfupa wa bega la guanako,
jasho linamtoka kwenye baridi.
"Unamsumbua mtu," nikamwambia.
Hakusimama. Alifukua mpaka ngozi ikaonekana,
akamweka mbweha pale juu, begani,
mgongo wake umeziba
mahali palipokatwa.

"Hapa panaingia upepo," akasema.

Kisha akaniomba maji ya kunawa.