Jaza Nafasi

Daftari la mazoezi tulilinunua Kariakoo,
la tatu mwaka huu, jalada lina tembo aliyevaa miwani.
Ukurasa wa kwanza: *Jaza nafasi iliyo wazi.*
*Mbu ni ______.*
Ilham akaandika: mkorofi.
Majibu yaliyo nyuma ya kitabu yakasema: mdudu.

Nikalifunga daftari.
Nje, masika ilikuwa imeacha dimbwi getini kwa Mama Gladness,
na tairi la nani sijui likijaa maji kama bakuli.
"Haya, vaeni ndala," nikasema,
"tukamtafute huyo mkorofi."

Ikawa wiki ya mbu.

Jumatatu tulimpa jina.
Kheri akashikilia aitwe Bi Zumari,
maana hapigi hodi, anapuliza.

Jumanne tukachota maji ya tairi kwa kikombe.
Viluwiluwi vikajinyonga kama mikia ya herufi *y*.
Ilham akahesabu ishirini na saba, Kheri thelathini,
wakabishana hadi nikatoa chujio:
thelathini na mmoja.
Chai ya jioni tuliinywa na majani yake.

Jumatano tukachora Segerea kwa macho ya mbu.
Haina barabara, haina kituo cha polisi.
Ina ndoo ya fundi Mapunda,
kifuu nyuma ya banda la kuku,
mtaro uliokabwa na mifuko,
na, kaskazini kabisa, miguu ya baba.

Alhamisi akapita wifi yangu Zuhura.
"Madaftari yako wapi?"
Nikamwonyesha tairi.
Akacheka kwa pua. "Mtihani utakuja, shemeji yako nani huko?
Hautauliza zumari."

Usiku sikupata usingizi.
Sina cheti cha ualimu. Nina cherehani,
watoto wawili, darasa linalonuka vitunguu.
Huenda ana haki.
Bi Zumari naye, nje ya chandarua,
alikuwa upande wake.

Ijumaa hadithi ikatudai mwisho.
"Tumwage maji, tuzibue mtaro, basi," akasema Ilham,
ambaye hupenda mambo yaishe.
Kheri akaanza kulia.
"Ana watoto mia mbili. Nani atawasomesha?"

Kheri huyu.
Mwaka jana, darasa la watoto tisini na mmoja,
hakufungua kinywa tangu Januari hadi Pasaka;
mwalimu akaandika *bubu?* kwa kalamu nyekundu,
na alama ya kuuliza, nashukuru, akaiweka.

Akachukua chaki yangu ya kushonea
na kipande cha kaniki kilichobaki,
akainama, ulimi nje, saa nzima,
dengu zikaungua sikuinuka:

BI ZUMALI HAMA
TUNAMWAGA KESHO ASUBUI
USISEME HATUKUKWAMBIA

Sikugusa ile L. Herufi iliyopotea nayo sikuitafuta.
Tukalifunga tangazo kwenye tairi kwa uzi mweusi,
na Jumamosi, baada ya uji, tukamwaga.
Mama Gladness alikuja na jembe lake la mtaro.
Hakuuliza ni somo gani.

Jumapili Kheri akalifunua daftari mwenyewe.
Kidole kikatembea hadi kwenye ile nafasi,
kikasimama, kikaipima.
"Mama, mbona mstari wenyewe mfupi hivi?"

Nikamkunjulia karatasi ya kukatia magauni,
ile ndefu, ya kutoka mlangoni hadi jikoni.